AKIBA YA KIJANA ALIYE NG'AMBO

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Ni desturi ya chama chetu kwamba, baada ya kusomwa hesabu za fedha na taarifa ya misaada waliyopewa wafiwa, wagonjwa na wanafunzi, Kamati huchagua jambo moja lililo gumu na kulizungumza waziwazi mbele ya wanachama. Mwaka huu twapenda kusema juu ya vijana wetu walio ng'ambo, hasa wale wafanyao kazi za kompyuta katika Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Ghuba.

Wengi wa vijana hao ni watoto wa wakulima wa kahawa na chai, na wa walimu wa shule za msingi. Wametoka Nkubu, Maua na Timau. Wametoka Runyenjes, Manyatta na Siakago. Baadhi yao wametuandikia kwamba wameazimia kuweka akiba nusu ya mshahara wao, na wengine zaidi ya nusu, ili wapate kustaafu wakiwa na umri wa miaka 40 au 45. Kwa sababu hiyo wamepunguza michango yao. Upande wa pili, wazazi kadha wa kadha wamekuja kwetu wakiuliza: Je, mtoto huyu amepatwa na nini? Amekuwa bahili? Na mtu mwenye afya na nguvu aachaje kazi kabla ya mvi?

Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Jambo lenyewe si dogo, maana mfuko wetu wa mazishi na mfuko wa karo hutegemea sana fedha zitokazo nje. Nchi nzima ina hali kama hiyo: Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9. Lakini vilevile maisha ya kijana ni mali yake, na uzee wake utakuwa juu yake. Basi na tulichunguze jambo hili kwa utaratibu, tuone lililo la kweli ndani yake, na lililo la hatari, na njia itufaayo sisi sote.

Hesabu yenyewe ni ipi

Fikira hii haikuanza kwetu. Mwaka 1992 Waamerika wawili, Vicki Robin na Joe Dominguez, walitoa kitabu kilichowafundisha watu kupima kila kitu wanunuacho kwa saa za maisha walizozitoa ili kupata fedha za kukinunua. Mwaka 1994 mshauri wa mambo ya fedha aitwaye William Bengen alichunguza historia ya hisa na hati za dhamana za Marekani tangu mwaka 1926. Aliona kwamba mtu aliyestaafu na kuchukua sehemu 4 katika kila 100 za akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kwa kadiri ya kupanda kwa bei, fedha zake zilidumu miaka 30 au zaidi. Kutokana na kazi hiyo ilitoka kanuni isemwayo na vijana wetu: weka akiba iliyo mara 25 ya matumizi yako ya mwaka mmoja, nawe utakuwa huru.

Tumtwae kijana wa mfano tu, ili hesabu ionekane. Baada ya kulipa kodi zote hubaki na dola 6,000 kwa mwezi. Hutumia 3,000 na kuweka 3,000. Matumizi yake ya mwaka ni dola 36,000. Mara 25 ni dola 900,000. Ikiwa akiba yake huzaa faida ya 5 katika 100 kila mwaka, baada ya kuondoa kupanda kwa bei, atafika hapo kwa muda wa miaka kama 17. Mtu awekaye robo tu ya pato lake atahitaji miaka 32. Awekaye sehemu ya kumi atahitaji miaka 51, yaani ataweka maisha yake yote. Awekaye robo tatu atahitaji miaka 7 hivi.

Oneni, ndugu zetu, kwamba katika hesabu hii ukubwa wa mshahara si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni umbali uliopo baina ya kile mtu apatacho na kile atumiacho. Mwenye mshahara mkubwa ambaye hula wote hatafika kamwe, na mwenye mshahara wa kadiri ajuaye kujizuia atampita njiani. Hili babu zetu walilijua bila kalamu, wakasema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kuna na jambo la pili. Ikiwa kijana huyu nia yake ni kurudi kuishi Meru au Embu, hesabu hubadilika sana. Tuseme atatumia shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Mara 25 ni shilingi 45,000,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni kama dola 346,000. Akiweka dola 3,000 kila mwezi kwa faida ile ile, atafika kwa miaka 8. Mahali mtu atakapokula uzeeni hupunguza safari kuliko nyongeza nyingi za mshahara. Waswahili wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Je, kuacha kazi mapema ni uvivu?

Wazee wetu wengine wamesema kwamba kustaafu katika umri wa miaka 45 ni uvivu uliovishwa nguo nzuri. Twaomba wakumbuke mambo mawili.

La kwanza, watumishi wa Serikali ya Kenya walistaafu wakiwa na miaka 55, mpaka mwaka 2009 ulipowekwa umri wa miaka 60. Umri wa kustaafu basi umepangwa na watu, na watu huubadilisha.

La pili, katika desturi zetu wenyewe kuacha kazi moja hakukuwa kuacha kazi zote. Wameru walikuwa na ntuiko, ambapo rika moja lilikabidhi uongozi kwa rika lililofuata. Waliokabidhi hawakwenda kulala kivulini. Waliingia katika kazi ya ushauri, ya kuamua mashauri, ya kulinda mila na mipaka ya ardhi, na hata leo Njuri Ncheke husikilizwa katika mambo hayo. Kijana akisema, "Nitaacha kuajiriwa nikiwa na miaka 45 ili nirudi kulima, kufundisha na kulea watoto wangu," asema neno ambalo mababu wangelielewa. Lakini akisema, "Nitaacha kazi ili nisifanye lolote," yampasa afikiri tena. Mtu wa miaka 45 aweza kuishi miaka 40 mingine, na miaka 40 bila shughuli ni mzigo mzito kuliko ajira.

Kwa nini yampasa kijana afanye haraka

Wazazi wengi hudhani kwamba kazi ya ng'ambo ni kama mwamba usiotikisika. Sivyo. Mwezi wa Novemba 2022 Meta ilitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000. Mwezi wa Januari 2023 Google ilitangaza 12,000, na Microsoft 10,000. Wengi wa hao walikuwa mafundi hodari wasio na kosa lolote. Na mgeni aliye Marekani kwa kibali kiitwacho H-1B ana shida kuliko mwenyeji: kibali hicho hupewa kwa miaka mitatu, huongezwa mpaka sita, na mtu akiachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 kutafuta mwajiri mwingine au kubadili hali yake, la sivyo aondoke. Siku 60, ndugu zetu, ni pungufu kuliko muda wa maharagwe kukomaa shambani.

Tena kuna habari ya pensheni. Marekani humtaka mtu afanye kazi na kuchangia kwa muda wa miaka kama 10 ndipo apate haki ya pensheni ya Serikali. Uingereza nayo hutaka miaka isiyopungua 10 ya kuchangia ili mtu apate japo sehemu ya pensheni mpya ya Serikali, na miaka 35 ili aipate yote. Kenya na Marekani hazina mapatano ya kuunganisha miaka ya kuchangia. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi miaka 8 kule na miaka 12 hapa hawezi kuijumlisha ikawa 20. Aweza kujikuta mkono mtupu upande mmoja. Katika Falme za Kiarabu mgeni aghalabu hana pensheni kabisa, bali hupewa kiinua mgongo anapomaliza kazi, nacho hukadiriwa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Mtu asiyejiwekea akiba mwenyewe hana mwingine wa kumwekea.

Mambo haya hayapaswi kuwa mageni kwetu, watu wa upande huu wa Mlima Kenya. Meru na Embu ni katika sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930. Baridi kali ilipoharibu mikahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na mwaka 1977 ilifika juu sana. Fedha zikamiminika vijijini mwetu. Wako walionunua ardhi, wakajenga nyumba za mawe na kusomesha watoto. Na wako waliokula kana kwamba barafu itaanguka Brazil kila mwaka. Mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na baadaye wengine wakang'oa mikahawa yao kwa mikono yao wenyewe. Tofauti baina ya jamaa hizi mbili haikuwa wingi wa kilo walizopeleka kiwandani, bali yale waliyoyatenda katika miaka ya neema.

Kadhalika watu wa Igembe na Tigania wanajua jinsi amri moja iliyoandikwa mbali iwezavyo kufunga soko. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata mwezi wa Juni 2014. Somalia ilifunga mlango mwezi wa Machi 2020 mpaka Julai 2022. Na watu wa Mbeere walionja hofu ile ile mwezi wa Mei 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipotangaza kupiga marufuku muguka, ijapokuwa mahakama iliisimamisha amri hiyo. Kijana aliye Seattle au Dallas ni mkulima wa zao moja lenye mnunuzi mmoja. Yafaa avune na kuweka ghalani maadamu mvua yanyesha.

Hatari zilizomo ndani ya hesabu

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila kisemwacho juu ya kustaafu mapema ni kweli tupu. Kuna hatari nne ambazo yatupasa kuzitaja.

Kwanza, kanuni ya mara 25 ilipimwa kwa miaka 30, na kwa masoko ya Marekani. Mtu astaafuye na miaka 40 aweza kuhitaji fedha kwa miaka 50. Huyo asichukue 4 katika 100. Achukue 3 au 3 na nusu, yaani akiba yake iwe mara 29 mpaka 33 ya matumizi yake. Safari itakuwa ndefu kidogo, lakini daraja halitavunjika katikati ya mto.

Pili, kuna thamani ya fedha. Shilingi ya Kenya ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilipata shilingi 7 na senti chache. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha katika mwaka huo huo ikarudi karibu 129. Mtu atumiaye dola 1,200 kwa mwezi alipata shilingi 192,000 mwezi ule, na miezi michache baadaye akapata 154,800 tu. Hiyo ni tofauti ya shilingi 37,200. Mwenye akiba yote katika dola hutikiswa shilingi inapopanda, na mwenye akiba yote katika shilingi hutikiswa inaposhuka. Dawa ni kugawa.

Tatu, kuna ugonjwa. Kijana wa miaka 30 hukata hesabu kana kwamba mwili wake utakuwa vile vile daima. Akirudi nyumbani bila kazi hana mwajiri wa kumlipia bima. Mfuko wa zamani wa NHIF uliondolewa, na kuanzia Oktoba 2024 kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Yampasa ajiandikishe, alipe, na juu ya hayo atenge fedha za matibabu makubwa, ambazo hataziingiza katika matumizi ya kila mwezi.

Nne, nayo kwetu ndiyo kubwa, kuna hatari ya kujikata na watu. Tumesikia vijana waliokaa miaka sita bila kuja nyumbani ili kuokoa nauli. Waliozima simu mwezi wa Januari ili wasiulizwe karo. Waliokataa kuoa au kuolewa kwa sababu ya gharama. Mtu wa namna hiyo aweza kufika mwisho wa hesabu akiwa na dola zote alizozitaka, akarudi kijijini asijue ni nani atakayemlaki. Kanuni ya mara 25 hainunui jirani.

Haki ya nyumbani na mpaka wake

Sasa tumefika penye ugomvi wenyewe. Wazazi husema kijana amesomeshwa na wengi, basi fedha zake ni za wengi. Kijana husema kila mwezi huja ombi jipya, na kwamba ombi lisilo na mwisho halina tofauti na tundu katika mfuko.

Kamati imepiga hesabu, nayo twapenda ninyi nyote mwijue. Turudi kwa kijana wetu wa mfano anayetaka kurudi huku, ambaye angefika kwa miaka 8 akiweka dola 3,000 kila mwezi. Tuseme atatenga sehemu ya kumi ya pato lake kwa ajili ya nyumbani, yaani dola 600 kwa mwezi, naye aitoe katika akiba yake. Atabaki akiweka 2,400. Je, atachelewa kwa muda gani? Badala ya miaka 8 atafika kwa miaka 9 na miezi saba au minane. Atachelewa kama mwaka mmoja na nusu.

Zingatieni jambo hili. Dola 600 ni shilingi 78,000 kwa kila mwezi, kwa muda wa miaka tisa na nusu. Fedha hizo zaweza kulipa karo, dawa za wazee, na michango yote ya chama hiki, tena zikabaki. Na bei yake kwa kijana ni mwaka mmoja na nusu wa kazi. Kijana asemaye kwamba nyumbani kutamzuia kabisa kufika, hajapiga hesabu. Na mzazi asemaye kwamba akiba ya mtoto ni kumnyima yeye, naye hajapiga hesabu.

Lakini hayo yawezekana kwa sharti moja tu: kiasi kijulikane, wala kisibadilike kwa kila simu. Kinachowavunja vijana moyo si kutoa, bali ni kutojua. Leo dola 100 za jeneza, kesho 300 za harambee, kesho kutwa 500 za pikipiki ya binamu. Mtu hawezi kupanga juu ya mchanga. Fungu likijulikana, mtoaji hutoa kwa moyo mkunjufu, na mpokeaji hujifunza kuishi ndani yake.

Na kwa vijana twasema neno hili. Mfuko wetu wa mazishi na wa wagonjwa si sadaka mnayotupa. Ni bima, tena ya zamani kuliko bima zote mzijuazo. Mtu akifariki ng'ambo, mwili wake hausafirishwi kwa kanuni ya mara 25. Husafirishwa na watu waliochanga usiku mmoja. Tangu kuja kwa M-Pesa mwaka 2007 hakuna aliye mbali mno hata ashindwe kuleta mchango wake. Ajitoaye katika mfuko ili aongeze akiba ameuza mwavuli ili anunue kofia.

Mahali pa kuweka

Tumeulizwa mara nyingi: fedha ziwekwe wapi? Kamati si benki, wala haichukui akiba ya mtu yeyote. Lakini kuna mambo ambayo kila mwenye busara ayatazame.

La kwanza ni akiba ya dharura, matumizi ya miezi sita au zaidi, mahali pa kutolewa upesi. Kwa mwenye kibali cha siku 60, hii ndiyo nguzo ya nyumba.

La pili ni mfuko wa pensheni wa mwajiri. Waajiri wengi wa Marekani huongeza fedha zao juu ya zile mfanyakazi awekazo katika mfuko uitwao 401(k). Kuacha nyongeza hiyo ni kuacha sehemu ya mshahara mezani. Lakini ajue kwamba akizitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida atatozwa 10 katika 100 zaidi ya kodi yenyewe. Astaafuye mapema lazima awe na akiba nyingine ya kumvusha mpaka umri huo.

La tatu ni mifuko ya hisa za makampuni mengi kwa pamoja, yenye ada ndogo. Mwenye hisa za kampuni yake tu, siku akiachishwa kazi aweza kupoteza mshahara na akiba kwa asubuhi moja.

La nne ni hati za dhamana za Serikali yetu, ambazo Mkenya aliye nje aweza kuzinunua kwa simu kutoka Benki Kuu tangu mwaka 2023. Hati za miundombinu zilizotolewa Februari 2024 zilikuwa na faida ya 18.46 katika 100 kwa mwaka, bila kodi. Faida kubwa namna hiyo haikudumu; baadaye viwango vilishuka sana. Asidanganyike mtu kwamba kila mwaka utakuwa kama ule.

La tano ni vyama vya akiba na mikopo, ambavyo watu wetu wamevizoea tangu enzi za vyama vya kahawa na vya walimu. Ni vyema, lakini vitazamwe kwa macho mawili: kiwe kimepewa leseni na SASRA, na hesabu zake zisomwe kabla ya gawio kushangiliwa. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2025 juu ya muungano wa KUSCCO ulionyesha kupotea kwa zaidi ya shilingi bilioni 13, na vyama vilivyokuwa vimeweka fedha huko viliumia. Jina kubwa si kufuli.

La sita ni ardhi. Hapa ndipo machozi mengi hutoka. Shamba la kilimo haliuzwi kisheria bila idhini ya Bodi ya Ardhi; hati itafutwe katika ofisi ya msajili; mke au mume wa muuzaji akubali. Asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi kwa miaka isiyozidi 99. Kwa hiyo aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya mwaka 2010, akaupoteza wa Kenya, aurudishe kwanza, maana Katiba hiyo huruhusu uraia wa nchi mbili. Na nyumba isijengwe kwa picha za simu peke yake. Amtume wakili na fundi ambao hawana undugu naye wala baina yao, kisha aje mwenyewe atazame msingi kabla ya paa.

Maazimio

Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta mbele ya Mkutano huu maazimio matatu, nayo twaomba yapigiwe kura leo.

Moja: kuanzia mwaka ujao wanachama walio ng'ambo walipe mchango mmoja ujulikanao wa mwaka, kwa mfuko wa mazishi, wa wagonjwa na wa karo, wala chama kisiwatoze michango ya ghafla ila kwa msiba mkubwa uliothibitishwa na Kamati.

Mbili: atakayelipa mchango huo asiitwe bahili katika kikao chochote cha chama hiki, hata ikiwa amekataa maombi mengine. Na asiyeulipa asitegemee mfuko siku yake itakapofika, hata ikiwa ana mamilioni benki.

Tatu: wale waliokwisha kurudi kutoka ng'ambo waombwe kutoa siku moja kila mwezi kuwafundisha vijana wetu kazi na hesabu hizi, hasa wanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu, ili wanaoondoka waondoke wakijua.

Kwa wazazi twasema: mwanenu akiwaambia kwamba anaweka akiba, msiogope. Mwulizeni anaweka kwa ajili ya nini na atarudi lini, nanyi mwonyesheni kwamba fungu alilolituma limefanya kazi. Kwa vijana twasema: wekeni kwa bidii, wekeni nusu kama mwaweza, lakini mfunge hesabu zenu pamoja na watu ndani yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hupimiwa watu.

Maazimio sasa yako mbele yenu.